Tunamwuliza Mungu Nini Ambacho Hajatujibu?



Kila siku, asubuhi na jioni, tunasali Sala ya Bwana, na ndani yake tunaomba mapenzi ya Baba yatimizwe. Ni ombi la tatu katika maombi saba, na huenda ndilo tunalolitamka upesi kuliko yote. Ombi la mkate tunalielewa: bei ya unga sokoni hutufundisha kulisema kwa moyo. Ombi la kusamehewa tunalielewa pia, kila mtu kwa siri yake. Lakini lile la mapenzi ya Mungu tunalipita haraka, kama mtu apitavyo mbele ya mlango wa jirani anayemdai.

Leo tungependa kusimama mbele ya mlango huo. Maoni yetu ni haya: mara nyingi tunaposema kwamba tunatafuta mapenzi ya Mungu, hatuyatafuti. Tunatafuta ruhusa yake juu ya jambo tulilokwisha kuliamua, ama tunatafuta muda wa kuahirisha jambo tulilokwisha kulijua. Tunasema "sisi" kwa makusudi, kwa maana tunaandika juu ya kosa letu wenyewe.

Tukio la jumuiya yetu

Kijana mmoja wa jumuiya yetu ndogo hapa Likasi, aliyeoa karibuni na mwenye mtoto mchanga, alitafuta kazi miaka mingi akiwa na diploma mkononi. Tulimwombea. Tulifanya novena. Hatimaye akapata kazi katika depo moja inayonunua madini ya wachimbaji wa mikono. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mizani na kushika kile chombo cha kupimia kiasi cha shaba na kobalti ndani ya mawe, ambacho huku kwetu kila mtu hukiita Metorex. Siku ya kutoa shukrani alituletea mfuko wa unga na mafuta ya kupikia. Tuliimba sana siku ile. Hakuna aliyemwuliza kazi yenyewe ilikuwaje.

Baada ya miezi miwili alirudi kwetu, uso wake umebadilika. Alieleza kwamba mizani ile ilipunguza kilo, na kwamba namba iliyotokea kwenye chombo sio ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya mchimbaji. Mtu ametoka shimoni, amebeba magunia mgongoni, amelipa wa kuosha na wa kusafirisha. Afikapo kwenye mizani, sehemu ya jasho lake inapotea kati ya namba mbili. Na kinywa kilichoitamka namba ya uongo kilikuwa cha huyu kijana wetu, kinywa kilekile kilichopokea Ekaristia siku ya Bwana. Alituambia: "Baba zangu na mama zangu, mnisaidie kusali, nijue mapenzi ya Mungu. Nibaki au nitoke?"

Tulisali. Juma la kwanza tulisali rozari, la pili tukakesha usiku, la tatu tukafunga. Mmoja wetu alisema amesikia moyoni neno la subira. Mwingine alikumbusha habari za Yosefu aliyemtumikia Farao katika nchi ya ugeni. Wa tatu alisema labda Mungu amemweka pale ili siku moja ayabadilishe mambo kutoka ndani. Sisi wakatekista tulinyamaza, na ukimya wetu tukauita busara. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumezoea mfuko wa unga, na mchango wake ulikuwa umeanza kununua mabati ya chumba chetu cha mikutano.

Katika juma la tatu mama mmoja mjane, ambaye mwanawe ni mchimbaji, aliomba neno. Hakupaza sauti. Alisema: "Ninyi mliosoma, mnieleze. Mtoto wangu anapimiwa kwenye mizani kama hiyo. Sasa tunamwuliza Mungu nini ambacho hajatujibu?"

Hakuna aliyemjibu. Tulimaliza kwa Sala ya Bwana, na safari hii tulipofika kwenye ombi la tatu, sauti zilipungua.

Jibu lililokwisha kuandikwa ubaoni

Mama yule hakusomea Maandiko, lakini aliyaelewa kutuzidi. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na moja jepesi. Sura ya 11 ya Mithali inasema mizani ya hila ni chukizo kwa Bwana. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wanaoingoja sabato ipite ili warudie kupunguza kipimo na kumlemea maskini. Amri ya saba na ya nane tunawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Mungu alikuwa amesema, tena mara nyingi. Majuma matatu ya sala yetu yalikuwa majuma matatu ya kumziba kinywa kwa kumwuliza tena.

Sisi tuliosomea ualimu tunamjua mwanafunzi wa namna hiyo. Zoezi limeandikwa ubaoni, limeelezwa, mfano umetolewa, yeye anainua mkono na kusema, "Mwalimu, sijaelewa." Ameelewa vizuri sana. Anachotaka ni kengele ilie kabla daftari lake halijakusanywa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Kanisa linamheshimu kama mwalimu mkuu wa kupambanua roho, aliweka kanuni iliyo wazi katika Mazoezi ya Kiroho: mtu huchagua kati ya mambo yaliyo mema, au yasiyo mabaya kwa yenyewe. Jambo lililo ovu haliwekwi mezani kama chaguo. Kwa hiyo hakuna novena ya kujua kama tuibe au tusiibe. Hakuna mkesha wa kujua kama mume arudi kwa mke wake au abaki na yule mwingine. Aliye katika hali hiyo anahitaji sala, tena sana, lakini ni sala ya kuomba nguvu. Tukimpa sala ya kuomba habari, tunampotosha.

Juu ya wanaokwenda "kuonewa"

Katika mji wetu, kutoka Kikula hadi Panda na Shituru, hakuna usiku usio na sauti za mikesha. Hatuwadharau ndugu zetu wa makanisa mengine. Wengi wao humpenda Kristo kwa bidii inayotuaibisha. Lakini tunajua pia kwamba Wakatoliki wetu, wakitoka misa ya asubuhi, huenda jioni kwa mtumishi fulani ili "waonewe": nani amefunga kizazi cha dada, shimo lipi lina madini, safari ya Kolwezi itafaulu au la. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa kila namna ya uaguzi, kwa kuwa ndani yake mna tamaa ya kuumiliki wakati ujao, nao wakati ujao ni wa Mungu.

Hata hivyo tusiwarushie mawe. Mtu anaweza kuigeuza hata novena kuwa uaguzi. Anayefungua Biblia ovyo na kuweka kidole, anayehesabu siku tisa kama anayehesabu fedha za mahari, na anayemwambia Mtakatifu Antoni, "Ukinipa nitakupa", wamekwenda palepale kwa njia ya parokia.

Ndugu mmoja alitupinga kwa hoja nzuri. Alisema: "Je, Mitume hawakupiga kura ili kumpata Mathia?" Ndiyo, Matendo ya Mitume sura ya 1 yasema hivyo. Lakini tusome kwa utaratibu. Kwanza walitumia akili: walitaka mtu aliyefuatana na Yesu tangu ubatizo wa Yoane hadi alipopaa. Kura ilikuja mwisho, kati ya wawili waliofaa wote. Tena tukio hilo ni la kabla ya Pentekoste. Baada ya Roho Mtakatifu kushuka, katika sura ya 6 tunaona jumuiya ikichagua watu saba wenye sifa njema, na katika sura ya 15 tunaona Mitume na wazee wakikaa pamoja, wakibishana, wakisikiliza ushuhuda, ndipo wakaamua. Njia ambayo Roho aliwafundisha ni ya sala pamoja na kufikiri, na ya ndugu kusemezana ukweli.

Mapenzi ya Mungu si blanketi

Kuna kosa la pili, ambalo ni ndugu wa lile la kwanza. Wapo wanaomwuliza Mungu aliyokwisha kusema. Na tupo tunaomsingizia ambayo hakusema. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines katika Katanga waliondolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Likasi yetu, iliyojengwa juu ya shaba tangu ilipoitwa Jadotville, ilitikisika nyumba kwa nyumba. Katika matanga na vikao tulisikia maneno haya: "Ni mapenzi ya Mungu." Hata leo, udongo unapowafunika vijana shimoni, neno hilo hutamkwa kabla miili haijatolewa.

Tunasema kwa heshima ya wote walioomboleza: tuwe waangalifu. Uamuzi wa kufunga kazi ulifanywa na watu kwa hesabu za watu. Shimo lisilo na nguzo liliachwa hivyo na mtu. Mungu anaweza kuuchukua msiba na kutoa ndani yake uzima, na mapokeo ya Kanisa yanatufundisha kutofautisha yale anayoyataka na yale anayoyaruhusu. Lakini tukiyafunika yote kwa blanketi moja la "mapenzi ya Mungu", tunamfanya Baba kuwa mwenye kosa ili wenye kosa walale usingizi.

Mwenyeheri kutoka forodha

Tukitaka mfano wa mlei aliyetafuta mapenzi ya Mungu kwa unyofu, tusiende mbali. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alizungumza Kiswahili kama sisi. Alikuwa mwanajumuiya ya Mtakatifu Egidio, akiwahudumia watoto wa barabarani. Alifanya kazi mpakani, katika Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ambako kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa kupitisha vyakula vilivyoharibika, ambavyo vingewadhuru walaji. Walimpa fedha, akakataa. Walimtisha, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Baba Mtakatifu Fransisko alikiri kifodini chake mwezi wa Novemba 2024, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta.

Tukiitazama sala yake, tunaona kwamba hakuomba ishara. Mtu aliyemfahamu ameshuhudia kwamba alijiuliza kama anaishi katika Kristo au sivyo, na kwamba aliwafikiria wale ambao wangekila chakula kile. Maswali mawili tu: mimi na Kristo, mimi na jirani yangu atakayekula. Amri kuu, nayo ina sehemu mbili, ilimtosha kama taa. Kijana wa depo yetu alikuwa na taa hiyohiyo. Sisi ndio tuliokuwa tukipunguza utambi.

Mambo yaliyo wazi kweli

Je, yote yamekwisha kuandikwa? Hapana. Kuna mambo mema mawili yanayosimama mbele ya mtu, naye hajui ashike lipi: kuoa au kuingia seminari; kubaki Likasi au kuhamia Lubumbashi; kumpeleka mtoto shule hii au ile. Hapo ndipo kutafuta kunapoanza kwa haki. Tungependa kushauri mambo machache ambayo uzoefu wa Kanisa umeyahakikisha.

Kwanza, mtu aanze na wajibu wa hali yake. Hapa Katanga wazee wetu wa Jamaa, ile iliyozaliwa miaka ya 1950 kando ya Kolwezi kati ya familia za wafanyakazi wa migodi na Padri Placide Tempels, Mfransisko, walifundisha juu ya uzima, uzazi na mapendo, na waliyaweka hayo kwanza nyumbani, kati ya mume na mke. Kuna hekima ndani yake. Mume asemaye "Mungu ameniambia" huku mkewe hajaulizwa, bado hajamsikiliza jirani wa karibu kuliko wote ambaye Mungu amempa.

Pili, atafute shauri la mtu asiyefaidika na jibu. Sisi tuliokula unga wa kijana hatukufaa kuwa washauri wake. Tatu, ape jambo muda, akiangalia ni lipi linalomwachia amani inayodumu hata baada ya ngoma za mkesha kunyamaza. Nne, akubali kwamba anaweza kuamua kwa unyofu na baadaye aone alikosea. Mungu hakasiriki na mwana aliyemtafuta akajikwaa. Yuko naye hata kwenye njia ya mzunguko.

Sala iliyo nyofu

Wengine hudhani kwamba kusali kwa unyofu ni kutokuwa na matakwa, kusema "chochote utakacho" kwa sauti tamu. Bustani ya Getsemani inatufundisha vingine. Matayo, sura ya 26, anaonyesha kwamba Yesu kwanza alisema analolitaka: kikombe kimwepuke. Hakujifanya. Ndipo akayaweka matakwa yake chini ya mapenzi ya Baba, akarudia mara tatu, kwa huzuni kubwa. Luka anataja jasho kama matone ya damu. Sala ya kweli ina hatua hizo mbili. Aliyeruka ya kwanza anamficha Mungu moyo wake. Aliyekataa ya pili amekuja kutoa amri. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja, akarudi nyumbani amehesabiwa haki, kwa sababu kati ya moyo wake na kinywa chake hapakuwa na namba mbili.

Hii ndiyo mizani tunayopendekeza. Namba iliyo ndani na namba inayotamkwa, je, ni moja?

Gharama yake kwetu

Kijana aliacha kazi. Tungependa kuandika kwamba mwezi uliofuata alipata kazi iliyo bora. Haikuwa hivyo. Kesho yake mwingine alisimama mahali pake, na mizani haikubadilika. Sasa anafundisha katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa mji, ambako mshahara hutegemea siku wazazi wanapolipa, na mkewe anauza makala mbele ya nyumba. Sisi tuliahidi kuwapa kipimo cha unga kila juma kwa miezi sita. Tulitimiza minne.

Tunaliandika hili kwa aibu, lakini tunaliandika, kwa maana hapa ndipo tulipoelewa kilichotufanya tukeshe majuma matatu. Tulijua kwamba jibu la Mungu, likitamkwa kwa sauti, litagharimu mfuko wa unga wa kila mmoja wetu. Kumwambia mtu "Toka katika dhambi hii" ni kujifunga kumlisha atokapo. Jumuiya isiyo tayari kulisha itapenda siku zote kusali zaidi.

Kwa hiyo tumeamua, na tunawaalika wengine waamue. Tusimwombee mtu kazi bila kumwuliza ni kazi gani, na tusimshukuru Mungu kwa mfuko wa unga bila kuuliza umetoka wapi. Sanduku la jumuiya liwe na sehemu ya wale wanaopoteza riziki kwa ajili ya dhamiri, kabla ya sehemu ya mabati. Katika kila mkutano ziwepo dakika tano za ukimya, bila wimbo wala ushuhuda, ili Mungu naye apate nafasi ya kusema. Na ile miezi miwili iliyobaki, tumeanza kuilipa.

Maswali ya kutafakari pamoja: Ni jambo gani tunalomwuliza Mungu sasa ambalo alikwisha kutujibu? Nani analipa gharama ya ukimya wetu? Nani angehitaji mkate wetu kama angemtii Mungu kesho?

Ee Baba, utupe moyo wa kusema tunalolitaka bila kujificha, masikio ya kusikia ulichosema bila kuuliza tena, na mikono ya kumshika ndugu anayetii. Mwenyeheri Floribert, uliyekataa namba ya uongo mpakani, utuombee sisi tulio kwenye mizani. Amina.